HDMI au nyaya za rangi? Mwongozo kamili wa kuunganisha TV na king'amuzi bila kubahatisha

Kila wiki yenye mechi ya Simba na Yanga simu yangu haipumziki. Hapa Dodoma mmoja anapiga kutoka Nkuhungu, mwingine Ipagala, wa tatu yuko Nzuguni, na kisa chao ni kilekile: amenunua waya mpya wa HDMI, amechomeka, TV imeandika "No Signal". Au picha imekuja, lakini ni ileile ya jana, yenye ukungu, na hela imeshakwenda.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtu alinunua waya kabla ya kutazama matundu, au alifika mwisho akasahau kukiambia king'amuzi kitoe picha ya aina gani. Mwongozo huu unaanzia mgongoni mwa TV na kuishia kwenye menyu ya king'amuzi, maana huko ndiko watu wanakokwamia. Zifuate hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili, ya tano itakurudisha nyuma.

## Andaa hivi kwanza

- Tochi, hata ya simu. Matundu yako nyuma, gizani, na maandishi yake ni madogo.
- Rimoti mbili, ya TV na ya king'amuzi, zenye betri nzima.
- Brashi ya kupaka rangi, laini, mpya na kavu.
- Selotepu ya karatasi na kalamu.
- Futi ya kupimia.
- Waya wa AV, yaani zile nyaya za rangi tatu, uliokuja na king'amuzi au deki yako ya zamani. Usiutupe. Utauhitaji hata kama unahamia HDMI, na sababu utaiona kwenye hatua ya sita.

Pesa ya waya mpya iache mfukoni kwanza.

## "King'amuzi changu ni cha dijitali" bado haitoshi

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kweli, matangazo yanaingia kwenye king'amuzi yakiwa ya dijitali. Lakini kutoka king'amuzi kwenda kwenye TV ni safari nyingine, na aina ya waya ndiyo inayoamua.

Ukitumia nyaya za rangi, king'amuzi kinaigeuza picha kuwa analojia na kuisukuma kwenye waya wa njano. TV ya flati nayo, ambayo kioo chake ni cha dijitali, inalazimika kuigeuza tena. Imegeuzwa mara mbili, na kila mara kuna kinachopotea. Isitoshe, waya huo mmoja wa njano umebeba mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, na kwa mfumo wa PAL tunaoutumia picha ina mistari 576 tu. HDMI inabeba tarakimu moja kwa moja, hadi mistari 1080 kwa king'amuzi cha HD, pamoja na sauti humo humo.

Tofauti nyingine ni ya tabia. Analojia inachoka polepole: rangi zinafifia, kivuli kinajitokeza pembeni mwa mchezaji, chenga zinaongezeka, lakini bado unaona mpira. Dijitali haina nusu. Ama picha ni safi kabisa, ama inatoa vidoa vinavyometameta, inakatika sekunde mbili, kisha giza. Ndiyo maana muuza duka akikuambia waya wa HDMI wenye ncha za dhahabu "unaongeza rangi", mshukuru uende zako. Waya wa kawaida ukishafikisha tarakimu zote, wa bei mara kumi hauna cha kuongeza.

## Hatua ya 1: Zima, kisha chomoa ukutani

Sisemi kuzima kwa rimoti. Chomoa plagi ya TV, ya king'amuzi na ya sabufa.

Vifaa hivi vingi vina plagi isiyo na ethi. Vikiwa kwenye umeme, bodi zake huelea kwenye volti ambazo huweza kukaribia nusu ya zile 230 za ukutani. Ndicho kile kijiumeme kinachokutekenya ukishika ncha ya waya wa dishi. Mkondo wake ni mdogo, lakini chipu ya HDMI inafanya kazi kwa volti chache mno, na mguso mmoja unatosha kuiua. Pini za AV nazo zimeundwa vibaya kwa jambo hili: ncha ya katikati hugusa kabla ya ukingo wa nje, kwa hiyo kishindo chote kinapitia njia ya picha au sauti.

Onyo: waya wa dishi unabeba volti 13 au 18 kwenda juu kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Ukiufungua king'amuzi kikiwa kinawaka, na uzi wa katikati ukagusa wavu wa nje, umepiga shoti.

Umefanikiwa kama hakuna hata taa moja nyekundu inayokutazama.

## Hatua ya 2: Usome mgongo wa TV

Igeuze TV, washa tochi, futa vumbi kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Pampu ya baiskeli inafaa zaidi. Sasa andika unachokiona, neno kwa neno.

HDMI ni tundu bapa, upana wake karibu sentimita moja na nusu, pembe mbili za chini zimekatwa. Ndani kuna pini 19. TV nyingi zina mawili au matatu, yameandikwa HDMI 1, HDMI 2 na kadhalika. Lenye neno ARC linaweza pia kurudisha sauti kwenda kwenye spika. King'amuzi kinaweza kukaa hata hapo, ila kama una spika ya kisasa inayotumia HDMI, liachie yeye.

AV ni matundu matatu ya duara: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Hakikisha pameandikwa IN. Baadhi ya TV za chogo zina seti mbili, ya kuingiza na ya kutoa, na nimekuta watu wamehangaika jioni nzima kwenye OUT. Kama TV yako ya chogo ina njano na nyeupe pekee, spika yake ni moja. Waya mwekundu uache ukining'inia.

AV ya tundu moja ndiyo inayosumbua kuliko zote. TV nyembamba za siku hizi zimefuta yale matundu matatu na kuweka kitundu kimoja kama cha earphone, kimeandikwa AV IN. Ndani ya boksi mlikuwa na kijiwaya kifupi, upande mmoja kina pini yenye mikanda mitatu myeusi, upande wa pili matundu matatu ya rangi. Watu wengi wamekitupa pamoja na boksi. Nitakirudia.

Komponenti ni matundu matatu ya picha, kijani, bluu na nyekundu, na mawili ya sauti, nyeupe na nyekundu. Angalia: kuna nyekundu mbili, moja ya picha na moja ya sauti. Hii pia ni analojia, lakini imetenganisha mwangaza na rangi katika nyaya tatu, hivyo inaweza kubeba picha ya HD na kwa macho ya kawaida inaikaribia sana HDMI.

Kwenye TV nyingi tundu la kijani lina kazi mbili. Pembeni yake pameandikwa Y/VIDEO, au limezungushiwa rangi mbili, kijani na njano. Maana yake pini ya njano unaichomeka kwenye kijani. Hakuna kosa hapo.

VGA ina matundu madogo 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni, na ni ya kompyuta. SCART ni tundu pana lenye pini 21, utalikuta kwenye TV za mtumba kutoka Ulaya. Antena unaijua.

Umefanikiwa kama una orodha kwenye karatasi, siyo kichwani.

## Hatua ya 3: Usome na mgongo wa king'amuzi, kisha linganisha

Rudia zoezi upande wa king'amuzi, deki au laptop. Huku tunatafuta OUT.

Tundu la skrubu lililoandikwa LNB IN au ANT IN siyo la TV. Ni la waya unaotoka nje, kwenye dishi au antena. Kosa ninalolikuta sana kwenye nyumba za kupanga zilizofungwa dishi moja ni mtu kuuchomeka waya wa dishi kwenye tundu la antena la TV, akitegemea chaneli zijae. Hazitajaa, isipokuwa TV yenyewe ina king'amuzi cha setilaiti ndani, na hata hivyo chaneli za kulipia hazitafunguka.

Sasa weka karatasi mbili pamoja. Kinachofanana pande zote mbili ndicho unachoweza kutumia. Vikiwa vingi, chagua kwa mpangilio huu: HDMI, halafu komponenti, halafu AV, na antena mwisho kabisa.

Lakini usiufuate mpangilio huo kama amri ya jeshi. Mimi mwenyewe naacha AV mahali pake katika hali hizi:

King'amuzi ni cha kawaida, siyo cha HD, na TV ni ndogo, tuseme inchi 24, mmekaa mita tatu mbali. HDMI itasafisha kingo za maandishi kidogo, basi. Kama waya wa AV unafanya kazi, hela hiyo nunua kitu kingine.

TV ni ya chogo. Haina HDMI na haihitaji. Picha ya mistari 576 kwenye chogo inakaa vizuri kuliko inavyokaa kwenye flati kubwa, kwa sababu ndiyo picha iliyoundwa kwa ajili yake.

Deki ya zamani ina AV tu, na watoto wanaangalia katuni zilezile kila siku. Iache.

Kinyume chake, kama king'amuzi ni cha HD, TV ni inchi 32 kwenda juu, na bado unatumia nyaya za rangi, basi unalipia HD usiyoiona. Angalia maandishi ya matokeo kwenye kona ya kioo wakati wa mechi. Kwa AV, namba 8 na 3 zinafanana na jezi nyekundu inavujia pembeni. Kwa HDMI unasoma hata dakika ukiwa umekaa mlangoni.

### Kama hakuna kinachofanana

Hapo ndipo inapoingia konvata, kile kiboksi kidogo cheupe au cheusi. Kiko cha aina mbili na kwa sura ni mapacha. AV2HDMI kinachukua nyaya za rangi na kutoa HDMI, unakitumia kuunganisha deki ya zamani na TV mpya. HDMI2AV kinafanya kinyume: king'amuzi kipya chenye HDMI tupu kwenda kwenye TV ya chogo. Kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake hata ukigeuza.

Nalijua hilo kwa maumivu. Niliwahi kutoka nyumbani hadi soko la Majengo, nikanunua cha kwanza nilichopewa, nikarudi nacho, nikahangaika saa nzima kabla ya kusoma maandishi ya juu yake. Nilikuwa nataka HDMI2AV. Mshale wa INPUT na OUTPUT ulikuwa pale pale, umeandikwa wazi, na mimi ndiye ninayejiita fundi.

Mambo mengine matatu kuhusu konvata. Kinahitaji umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB. Watu hukiacha bila umeme kisha wanasema ni kibovu. Kile cha HDMI2AV kina swichi ndogo ya PAL na NTSC, iweke PAL. Na usitegemee miujiza kwa AV2HDMI: kinaitanua picha ya mistari 576 ijae kioo cha 1080, hakiwezi kubuni kisichokuwepo. Hata kikiandikwa "1080P" kwa herufi kubwa juu.

TV ya chogo iliyozeeka mno, yenye tundu la antena pekee, inahitaji king'amuzi chenye RF OUT, au kifaa kinachoitwa modyuleta. Ukishaunganisha, itafute chaneli kwenye TV kama enzi zile za kutyuni.

## Hatua ya 4: Pima ndipo ununue

Pima kwa futi njia atakayopita waya, siyo umbali wa macho. Waya unashuka nyuma ya meza, unazunguka, unapanda. Ongeza nusu mita, maana waya uliokazwa huvuta tundu na tundu la HDMI limeshikiliwa na risasi chache tu kwenye bodi.

Kwa HDMI ya king'amuzi, waya ulioandikwa High Speed unatosha. Unabeba 1080 bila kutoka jasho. Ule wa Ultra High Speed, wa gigabiti 48 kwa sekunde, ni wa mashine za gemu na picha za 4K za kasi. Muuzaji akikulazimisha, muulize king'amuzi chako kinatoa 4K? Kimya chake ndilo jibu.

Mita moja na nusu hadi tatu ndiyo inayofaa sebuleni. Mpaka mita tano sina wasiwasi nao. Kuanzia hapo waya mwembamba wa bei rahisi unaanza kuleta vidoa na kukatika.

Kwa AV, ushike waya mkononi. Ule mwembamba kama uzi wa earphone unakamata mngurumo wa umeme. Chukua mnene kidogo, ambao wavu wake wa ndani unazingira uzi.

Na kile kijiwaya cha tundu moja: rangi zake ni rangi tu. Watengenezaji hawakukubaliana mkanda upi ubebe picha. Ukinunua cha mtaani ukapata muungurumo kwenye spika na kioo cheusi, usikate tamaa. Acha pini ndani ya TV, chukua pini ya njano kutoka king'amuzi, ijaribu kwenye tundu jekundu la kijiwaya, halafu jeupe. Mara nyingi picha inatokea kwenye jekundu, nawe unahamisha sauti zikae kwenye yaliyobaki. Ukijaribu yote matatu bila picha, basi waya huo umeweka ardhi yake kwenye mkanda mwingine na hakuna ujanja. Urudishe. Ndiyo maana nunua kwa mtu atakayekubali kuupokea.

## Hatua ya 5: Chomeka kwa mpangilio

Vifaa bado vimechomolewa ukutani.

1. Anza na waya wa dishi au antena kwenye king'amuzi. Kaza kwa vidole, usitumie koleo. Angalia uzi wa katikati umenyooka na hakuna unywele wa wavu unaougusa.
2. Chomeka waya wa picha kwenye king'amuzi, upande wa OUT.
3. Chomeka upande wa TV. HDMI inaingia upande mmoja tu. Ikigoma, igeuze, usiisukume. Pini zilizopinda ndani ya tundu hazirekebishiki kirahisi.
4. Andika namba ya tundu kwenye selotepu na uibandike kwenye waya: "HDMI 2, king'amuzi".
5. Kama una sabufa, chukua sauti kwenye matundu meupe na mekundu ya king'amuzi hata kama picha inapita HDMI. Kwenye ving'amuzi vingi njia zote mbili hutoa kwa wakati mmoja. Kisha punguza sauti ya TV hadi sifuri, la sivyo utasikia mtangazaji akijijibu mwenyewe, moja imechelewa nyuma ya nyingine.
6. Sasa rudisha plagi ukutani. TV kwanza, king'amuzi baadaye, kwa sababu king'amuzi kikiamka huuliza TV inaweza kuonyesha nini. Kikikuta imelala, baadhi hujichagulia chochote.

Waya wa picha usiufunge pamoja na waya wa umeme kwa kamba moja. Kwa AV utaona mstari mpana unapanda taratibu kwenye kioo.

Umefanikiwa kama taa zinawaka na hakuna waya uliovutwa. Kioo kikiwa bado cheusi, ni sawa. Hatujamaliza.

## Hatua ya 6: Iambie TV itazame wapi, na king'amuzi kitoe nini

Bonyeza SOURCE au INPUT kwenye rimoti ya TV. Chagua tundu lilelile uliloliandika kwenye selotepu. Subiri sekunde tano.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo iliyonipeleka kwa mzee mmoja kule Kikuyu mara mbili kwa mwezi mmoja. Mara ya pili nilifika, "Shikamoo baba", "Marahaba mwanangu, TV imekufa tena." Nikabonyeza SOURCE mara moja, taarifa ya habari ikatokea. Mjukuu wake alikuwa amechomeka flashi ya muziki asubuhi, akaiacha TV kwenye USB. Siku hiyo nilikunywa chai tu, sikudai nauli.

Picha ikishatoka, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya mipangilio ya video. Kuna mambo mawili ya kuweka sawa.

Ubora wa picha. Waliohamia HDMI na kuona picha haijabadilika, tatizo lao huwa hapa: king'amuzi bado kimewekwa 576. Weka 1080i kwa TV ya Full HD. Kwa TV iliyoandikwa HD Ready, ambayo kioo chake mara nyingi ni 1366 kwa 768, weka 720p. Ukiweka kisichokubalika, TV itaandika "Mode Not Supported" au itakuwa giza, na menyu huioni tena.

Hapo ndipo waya wako wa zamani wa AV unapookoa jahazi. Uchomeke kwa kufuata hatua ya kwanza, hamia AV kwa SOURCE, rudisha 720p, kisha rudi HDMI. Baadhi ya ving'amuzi vina kitufe cha kubadilisha ubora bila menyu, kwenye rimoti au kwenye uso wa king'amuzi.

Umbo la picha. Kama wasomaji habari wamenenepa ghafla, king'amuzi kiko 4:3 na TV ni 16:9. Weka 16:9. Kwa TV ya chogo weka 4:3, na ukipewa chaguo la kuacha michirizi myeusi juu na chini, likubali. Kama kingo zimekatwa, matokeo ya mechi yamemezwa nusu, tatizo liko kwenye TV: tafuta kwenye sehemu ya ukubwa wa picha neno kama Just Scan, Screen Fit au 1:1.

Umefanikiwa kama duara la katikati ya uwanja ni duara kweli, na maandishi ya chini ya kioo yanasomeka mwanzo hadi mwisho.

## Bado inakataa?

Picha ipo, rangi hakuna. Ama pini ya njano iko kwenye kijani huku TV imewekwa kwenye komponenti, kwa hiyo inasoma mwangaza peke yake. Chagua AV kwenye SOURCE. Ama king'amuzi au konvata iko NTSC. Weka PAL.

Picha ya kijani au ya zambarau kwa HDMI. Chomoa kwa utaratibu, safisha ncha zote mbili, rudisha. Ikirudi vilevile, badilisha tundu, halafu waya. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua mwenye kosa ni yupi.

Inagandaganda na kutoa vijiboksi. Hii siyo kazi ya waya wa TV. Vijiboksi vinatokana na mawimbi dhaifu yanayoingia king'amuzi. Nenda kwenye dishi. Upepo wetu wa Agosti na Septemba unalisogeza bila hata kuaga. Hitilafu ya HDMI huonekana kama vidoa au kioo kuzima na kuwaka.

Sauti ipo, picha giza, kwa konvata. HDMI ina kufuli ya kuzuia kunakili, na baadhi ya ving'amuzi hukataa kutoa picha kupitia konvata asiyeielewa. Jaribu konvata nyingine kabla ya kumlaumu fundi wa dishi.

Laptop haitoi picha. Bonyeza Windows na P kwa pamoja, chagua kunakili kioo. Kwa VGA sauti haipiti, inahitaji waya wake wa earphone. Kwa HDMI sauti inapita, ila nenda kwenye alama ya spika uchague TV.

## Kwa wenye mabanda ya mpira

Banda lina hesabu yake. King'amuzi kimefungiwa chumba cha mwenye banda, kioo kiko ukumbini, katikati kuna mita 15 au zaidi. Waya mmoja wa kawaida wa HDMI wa urefu huo ni kamari, na utakatika dakika ya 89.

Chaguo la kwanza ni jozi ya vifaa vya kurefushia HDMI kwa waya wa mtandao, Cat6. Kimoja king'amuzini, kingine kwenye TV au projekta, kila kimoja na umeme wake. Picha inabaki ya HD.

La pili ni la bei nafuu: AV kwa kutumia koaksi ya ohm 75, aina ileile ya waya wa dishi, iliyofungwa pini za AV kila upande, moja kwa picha. Inafika mita nyingi bila kukatika, ingawa ni mistari 576. Kwa projekta inayomulika ukuta wa mita tatu utaona ukungu. Kwa TV ya inchi 43 na watu wanaopiga kelele, hakuna atakayelalamika. Sauti usiisafirishe mbali bila sababu. Sabufa ikae karibu na king'amuzi, urefushe nyaya za spika badala yake.

Na kuanzia Desemba hadi Aprili, ukisikia radi ya kwanza, chomoa plagi zote, kisha ufungue waya wa dishi kutoka king'amuzi. Radi ikipiga karibu hupitia dishi, ikaingia king'amuzi, ikavuka HDMI, na kesho yake unakuwa na TV inayowaka vizuri lakini matundu yake yote ya HDMI yamekufa. TV ya namna hiyo bado inaweza kutumika kwa AV, kwa hiyo usiiuze kwa bei ya skrepa kabla hujaijaribu.